Makosa Sitini na Matatu

Haya nilisimuliwa na Ghislaine Hennebelle mwenyewe, mwaka juzi, wiki ya kwanza ya Desemba, tukiwa tumeketi nyuma ya kanisa tukimenya viazi vya chakula cha wazee. Yeye hakuwa na haraka, mimi sikuwa na haraka, na viazi vilikuwa gunia zima. Ninayaandika kama alivyoyasema. Ya kanisani nimeongeza machache niliyoyaona mwenyewe, maana siku ile nilikuwepo.

Mume wake Anselme ni mtunzi wa muziki. Si wa nyimbo za dansi, la. Ni ule muziki ambao watu huusikiliza wamekaa kimya, na wakitoka nje wanaulizana kama ulikwisha kweli au wapigaji walichoka. Huko Paris alikuwa na jina. Ametunga kazi arobaini na moja, na kila moja imepigwa mara moja basi. Ndiyo desturi ya muziki ule. Kila ukumbi unataka kuwa wa kwanza, kila mwandishi wa gazeti anataka kusema alikuwepo siku ya kwanza. Siku ya pili haina mwenyewe. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kikishapoa kinatiwa kabatini.

Kabati lenyewe Ghislaine analijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu karatasi zote zilizomo zimeandikwa kwa mkono wake. Aliacha shule na miaka kumi na minne, akaingia kiwanda cha nguo cha hapa Wervelles, kile kilichofungwa. Alipoolewa, akamkuta mumewe anakesha kuandika karatasi za wapigaji mmoja mmoja, huyu zake, yule zake, mpaka vidole vimevimba. Akamwambia, nipe mimi. Nimefuma maua ya vitambaa vya meza miaka saba, nishindwe na vidoti vyeusi? Akajifunza. Aliandika kama mtu anavyonakili ua la ushonaji, kila kitone mahali pake. Lakini kuusoma muziki hata ukalia kichwani mwake, hilo hakuliweza, wala hakujidai kuliweza. Ili ajue alichokiandika ilibidi akakisikie, na kila siku ya kwanza alikwenda Paris akakaa safu ya nyuma akasikia.

Isipokuwa kazi moja. Inaitwa Zamu ya Asubuhi, ni ya vyombo vya kupuliza na ngoma, ya mwaka wa sabini na tisa. Anselme aliitunga juu ya kile kiwanda, kwa kuwa enzi za uchumba alikuwa akimngoja Ghislaine langoni kwenye baridi. Siku ilipopigwa, mtoto wao Rémi alitoka surua, mama akabaki nyumbani. Anselme akamtuliza, utaisikia redioni. Wiki ile mafundi wa redio wakagoma. Hakuna kilichorekodiwa.

Asubuhi yake Anselme aliingia na koti lake la mvua, akasimama mlangoni. Zile kazi nyingine zote arobaini alirudi nazo analalamika: tarumbeta walilala, kiongozi alikimbia kama anawahi treni, katikati ilipwaya. Safari hii alisema neno moja tu. "Ghislaine, hii imetoka." Akaenda kumwangalia mtoto.

Basi miaka arobaini na ushee Ghislaine aliishi na kazi ile kama mtu anayeishi na chumba kilichofungwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alifagia mlangoni pake, kuingia hakuwahi. Hakutaka jambo jingine kubwa duniani, ameniambia hivyo. Watoto wamekua, nyumba ipo. Alitaka tu kuisikia hiyo moja kabla hajaondoka, yeye au mumewe.

Njia ilifunguka mwaka ule ambao bendi ya mji ilipata kiongozi mpya, Perrine Dewailly, binti wa watu wa huku huku, anayefundisha muziki shuleni. Alikuja nyumbani kwao mwezi wa Septemba na keki ya sukari guru. Akamwomba Anselme awatungie kitu cha sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wapiga muziki wote, mwezi wa Novemba. Anselme akamwonyesha mikono yake inavyotetemeka. Akasema ameacha kutunga, wala hana huzuni. Perrine akashika keki yake kama anataka kuondoka nayo.

Ghislaine hakungoja. Alikwenda kabatini akatoa bahasha ya Zamu ya Asubuhi akaiweka mezani katikati ya vikombe.

Palikuwa na mabishano kidogo. Mwenyekiti wa bendi, Régis Wattel mwenye bucha, alitaka kitu kipya, kwa sababu gazeti huja kwenye kitu kipya. Ghislaine akamkuta dukani kwake, foleni nzima inasikiliza, akamwambia, "Régis, mwanangu, wewe soseji zako kila wiki ni zile zile, mbona tunanunua?" Watu wakacheka, na Régis akamfungia nyama yake. Wakakubali.

Sasa Ghislaine akajiwekea sharti. Hatahudhuria mazoezi. Kama amengoja miaka yote hii, ataisikia nzima kanisani, siku yenyewe, na nywele zake zimetengenezwa. Anselme ndiye aliyekuwa akienda kila Ijumaa saa moja jioni, ukumbi ulio juu ya kituo cha wazima moto, na kurudi.

Na hapo ndipo wasiwasi ulipoanzia, kwa sababu Anselme alirudi mtulivu.

Ukiishi na mtu miaka hamsini unajua hali yake kwa jinsi anavyovua skafu. Siku za mazoezi, tangu ujana, skafu ya Anselme ilitupwa. Ilikwenda kwenye kiti, ikakosa kiti, ikaanguka. Mwezi mzima wa Oktoba aliivua akaikunja. Akanywa supu. Akiulizwa, anasema wanaendelea vizuri, ni watu wazuri sana. Ghislaine akawa anamtazama kama unavyomtazama mtoto aliyekaa kimya mno chumba cha pili.

Ukweli aliupata saluni, Jumatano, siku nne kabla ya sikukuu. Msusi wake ni Nadège, ambaye bendini anapuliza klarineti. Alikuwa amemfunga rola zote, kichwa kimejaa, hata kugeuka hawezi. Nadège akainama sikioni kwake, kwa huruma kabisa.

"Mama Ghislaine, nataka nikwambie ulale salama. Yale makosa yako tumeshayarekebisha yote."

"Makosa yangu yapi?"

"Ya kwenye karatasi. Mambo ya zamani, Mama, ulikuwa na mtoto mgonjwa, usiku, taa mbaya. Nani asingekosea? Mwalimu Lucien ameyapata sitini na matatu. Ametupitishia sote kwa penseli, na tumekubaliana mzee asiambiwe, asije akakufokea."

Ghislaine anasema alijitazama kwenye kioo na zile rola akaona mwanamke anayefanana na mashine ya umeme.

Lazima mumjue Lucien Pruvost. Alifundisha shule ya msingi hapa miaka thelathini na minane, na nusu ya mji aliwasomea imla akawasahihisha. Mpaka leo ukimwandikia kadi ya Krismasi anaweza kukurudishia imesahihishwa. Si mtu mbaya. Ndani ya bendi anapuliza saksafoni kubwa kuliko zote, ile yenye sauti ya chini. Ana tabia moja isiyokwisha: akiona kitu kimekaa upande, mkono wake unakwenda wenyewe kukinyoosha. Kwenye karatasi yake aliona nota ya fa iliyopandishwa nusu hatua, akasikia mwenzake wa tuba, lile tarumbeta nene linalokumbatiwa kifuani, anapiga fa ya kawaida. Zikagongana. Akasema moyoni, masikini Ghislaine, aliacha shule darasa la ngapi vile? Akaishusha. Kisha akamchungulia jirani, na jirani wa jirani. Alitumia penseli ya kawaida badala ya nyekundu, kwa heshima.

Ghislaine alitoka saluni nywele hazijakauka sawasawa. Anselme alikuwa jikoni anakata mkate.

"Wamebadilisha," akamwambia.

Anselme aliendelea kukata mkate mpaka kipande kikatoka.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Ijumaa ya pili. Masikio bado ninayo."

"Na ukanyamaza. Wewe, uliyewahi kumfukuza mpiga fidla Paris kwa ajili ya kikohozi."

Akakaa. Akasema yeye ni mzee, na hawa si wa Paris. Hawa wanatoka kazini wamechoka, huyu dereva wa lori la taka, huyu msusi. Akiwaambia warudishe ile migongano watasema mzee amezidi, watarudi kwenye nyimbo zao za gwaride za kila mwaka, na Ghislaine hatasikia chochote. "Inapendeza, Ghislaine. Imekuwa kama wimbo wa kanisani. Nilitaka usikie kitu."

"Mimi sikutaka kusikia kitu," akamjibu. "Nilitaka kusikia hicho."

Alivyoniambia, kilichomuuma zaidi si zile karatasi. Alimwona mumewe amejifunza kuridhika, na jambo hilo lilimwogopesha kuliko kufoka.

Ijumaa alivaa koti lake akatangulia. Anselme akamfuata nyuma na bakora, wanasema hatua kumi nyuma, kama mtu anayepelekwa kwa daktari. Ngazi za wazima moto ni nyingi, walifika wakati bendi inapasha moto vyombo. Watu wakanyamaza kwa zamu kama ilivyo kwa watu wakimwona mtu waliyemsema. Nadège akaanza kutafuta kitu mfukoni.

Ghislaine hakukaa. Alikwenda mpaka kwa Lucien, akachukua karatasi iliyokuwa mbele yake, akaivuta karibu na taa.

"Mwalimu, hii fa iliyopandishwa umeishusha wewe?"

Lucien akasimama, kwa kuwa ni mtu wa adabu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hakuna aibu, kwamba yeye mwenyewe ameona makosa kwa watu wenye vyeti. Akasema zile sauti mbili haziwezi kukaa pamoja. "Zinagombana, Bibi Ghislaine. Sikio linauma."

"Linauma, ndiyo. Uliwahi kuingia kiwandani, mwalimu?"

"Kuingia ndani? Hapana."

"Uliwaleta watoto mpaka langoni ukawaonyesha bomba la moshi. Nakukumbuka, na kofia yako." Wachache wakacheka. "Mimi sijui muziki. Niulize hapa kuna nini, sijui. Lakini mkono wangu naujua. Sikukosea. Rudisha fa yako, na Gaston wa tuba apige yake, mshikilie mpaka pumzi iishe. Ukisema bado ni kosa, nitakaa nikuandikie imla hapa hapa."

Lucien alimtazama Perrine. Perrine, masikini, alikuwa amekwisha kuwa mwekundu. Alikuwa na kitabu kikubwa cha kiongozi chenye sauti zote, na aliona tangu mwanzo kwamba zilizopigwa si zilizoandikwa. Lakini mzee alikuwa amekaa pale kimya, akadhani ndiye aliyeamua. Akasema, haya, tuba na saksafoni peke yao.

Gaston wa tuba alishusha fa yake chini kabisa, sauti ambayo huisikii sana kwa masikio, unaisikia kwa kiti. Lucien akaweka yake juu, nusu tu ya hatua. Mara ya kwanza ilikuwa vurugu, kwa sababu Lucien bila kujua alikuwa anateleza kumfuata mwenzake, ndivyo walivyolelewa bendini, kwenda pamoja kama wanaandamana barabarani. Perrine akamwambia, Mwalimu, usimsikilize Gaston. Lucien akafumba macho. Akashikilia.

Na katikati ya zile sauti mbili ikatokea ya tatu, isiyopulizwa na mtu. Wuu, wuu, wuu, wuu. Ilikuwa inapiga, inajirudia, sawasawa, bila kuchoka. Vioo vya madirisha viliitikia.

Mwanamke mmoja wa ngoma, Josiane, ambaye mama yake alikuwa kiwandani chumba kimoja na Ghislaine, aliweka vijiti vyake chini. Akasema, "Jamani. Si mashine hizo!" Alikuwa na miaka sita alipokuwa akipelekwa kumngoja mama yake chini ya madirisha yale.

Lucien alishusha saksafoni. Alikaa kidogo, kama mtoto anayerudishiwa daftari. Kisha akafungua mkoba wake, kwa kuwa mtu kama yule hatembei bila mkoba, akatoa vifutio vitatu, akavigawa.

Walifuta dakika arobaini, wakijadiliana, na Anselme sasa alikuwa amesogeza kiti katikati yao. Ghislaine alikuwa anapita nyuma ya mabega akitazama mwandiko wake unavyotoka chini ya penseli. Walipofika ukurasa wa tatu wa filimbi, Anselme aliinua mkono.

"Hii msifute. Hapa mwalimu amepatia. Hili ni kosa kweli."

Ghislaine akaja kutazama. Kilikuwa kidoti chake, mstari mmoja juu ya pale kilipotakiwa.

"Na Paris walipiga hivyo?" akauliza.

"Hivyo hivyo. Miaka yote nilidhani yule mpiga filimbi alikuwa na mafua."

Hapo ukumbi ukacheka mpaka wazima moto wakapiga dari kwa ufagio. Lucien hakucheka. Lakini, anasema Ghislaine, shingo ya mwalimu ilinyooka kidogo, na ni haki yake.

Mazoezi yaliyofuata jioni ile ile yalikuwa mabaya. Wamezoea sauti tamu mwezi mzima, sasa wanarudishiwa miiba. Walikwama njiani mara nne. Anselme aliwaambia klarineti wanapuliza kama watu wanaopooza supu. Akasema tarumbeta wamelala. Waliporudi nyumbani alivua skafu akaitupa, ikapita juu ya kiti ikaangukia jiko. Ghislaine aliiokota.

Jumapili baada ya misa tulibaki kanisani, karibu wote, wengine kwa heshima ya bendi na wengine kwa sababu nje ilikuwa inanyesha. Ghislaine hakukaa safu ya nyuma. Alikaa ya tatu, upande wa joto.

Ilianza bila nota. Walipuliza hewa tupu ndani ya vyombo, wengine sasa, wengine baadaye, kama watu wanaokuja barabarani kwenye giza la baridi na pumzi zao. Ngoma iligongwa taratibu kwa vidole. Kisha Gaston, kisha Lucien, macho amefumba, na ule mpigo ukaanza sakafuni ukapanda miguuni. Mmoja mmoja wakaingia juu yake, kila mtu na pumzi yake, bila kumngoja mwenzake. Mbele yangu wanawake wawili wa enzi zile za kiwanda, mmoja ana miaka tisini, walishikana mikono. Vidole vya yule mkubwa vikawa vinacheza, vinafunga uzi uliokatika. Nyuma yangu mtu akamnong'oneza mkewe, akimuuliza kama imeharibika. Katikati ilikaa sana mahali pamoja, watoto wakaanza kugeuka kwenye viti. Mwishoni mashine zilizimwa, moja, nyingine, nyingine, mpaka ikabaki filimbi peke yake, nayo ikaacha.

Watu walipiga makofi, si kwa kishindo. Régis alisema ni ya ajabu, akaenda kuangalia nyama. Mwandishi wa gazeti hakuja. Nilimwangalia Ghislaine. Hakulia. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya mkoba, kama mtu aliyeingia chumba na sasa anatazama vitu vilivyomo, hiki hapa, kile pale, polepole.

Tulikula ukumbini mpaka saa tisa, nyama iliyopikwa kwa bia, na tati, zile pai za jibini. Lucien alikuja mezani kwao akainama, akamwambia Ghislaine, sitini na mbili kwa moja, umenishinda. Akamjibu kwamba kwa mtu wa penseli si matokeo mabaya.

Walifika nyumbani mwanga bado upo. Anselme aliketi karibu na stovu bila kuvua viatu. Ghislaine aliweka maji ya kahawa.

"Haya," akasema mzee. "Ulisikia."

"Nilisikia."

"Na?"

Ghislaine alifikiri kwanza, kwa sababu ameniambia hakutaka kumdanganya kwa kitu alichokingojea hivyo. "Ule mwanzo, nilisimama langoni. Nilikuona na koti lako baya. Imetoka, Anselme, ulisema kweli." Akashusha vikombe viwili. "Katikati ni ndefu."

Anselme alicheka mpaka akakohoa. "Najua. Nimejua tangu siku ile Paris. Dakika mbili zinazidi pale."

"Na hukukata?"

"Nani anapunguza nguo isiyovaliwa?" Akanyoosha miguu. Akasema Perrine amemwambia wanataka kuipiga tena Pasaka, mji wa jirani. "Kesho tutakata. Leta ile karatasi kubwa kesho, na utaniandikia wewe, mimi mkono wangu..." Hakumaliza. Kichwa kiliinamia bega, na pumzi ikawa ndefu.

Ghislaine alipiga magoti akamvua viatu, kimoja, na kingine, akamfunika blanketi. Akazima maji kabla hayajachemka, kahawa haikuwa na haraka. Akaketi kiti cha pili, akakiegemeza kichwa chake na zile nywele za Nadège, na akawa anaihesabu tena toka mwanzo, zile pumzi, ngoma ya vidole, Gaston, Lucien. Alipofika katikati, pale penye dakika mbili zinazozidi, usingizi ukamchukua.